Kopo la Tatu

Tarehe 6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Juzi kwenye simu nilikuuliza siku gani inakufaa, ukanijibu "nzuri tu, na wewe?" Nikajua hujasikia neno. Tuache simu. Barua nitazitia ndani ya boksi la makopo, nawe ukijibu tia humohumo. Dereva wa gari la barafu amekubali kulibeba akirudi huku na gari tupu.

Kazi yenyewe ni hii. Maabara yetu imepewa jukumu la kuchunguza matope ya huko kwenu, kabla kile kiwanda cha kuyeyusha betri na nyaya kuukuu hakijaruhusiwa kujenga tanuri la pili. Tope tulishalichukua na kulipima. Karibu na bomba la kiwanda limejaa risasi na shaba. Lakini tope linasema kilichomo ardhini tu. Mkuu wangu anataka kujua kinachoingia mwilini, na wa kutuambia hilo ni mnyoo wa matopeni, yule wa chambo. Anakaa palepale alipozaliwa, anakula tope mchana kutwa, na alichokula hawezi kukificha.

Nahitaji makopo matatu kila mwezi. La kwanza uchimbe kwenye ghuba ndogo, huko unakochimba chambo chako. La pili chini ya daraja. La tatu kando ya bomba la kiwanda. Minyoo ishirini kila kopo, na tope kidogo la kuwafunika. Namba nimeziandika kwa rangi nyekundu, kubwa, usihitaji miwani.

Umewachimbia wavuvi chambo miaka thelathini, hakuna anayeyajua matope yale kukushinda. Kwa mkuu nilikutaja kama "mchimbaji mmoja mzoefu." Sikuongeza kwamba ndiwe uliyenilea.

Mwambie kaka nimefurahi kwamba amepata kazi. Hukuniambia ni wapi.

Mwanao

*

Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Makopo hayo hapo, matatu, yamefungwa kwa mpira. Miaka yote nimemaliza kucha kwa ajili ya minyoo hawa, na leo wao ndio wanaokwenda mjini kupimwa afya kabla yangu. Wamepanda cheo.

Magoti yananisumbua. Nikishachuchumaa, kuinuka ni shughuli ya serikali nzima. Usijali, kazi yako nitaifanya.

Kaka yako anafanya kazi ya mikono, ya kubeba na kupakua. Anarudi hoi, anakula, anajitupa kitandani na nguo zake. Simuulizi mengi. Miaka mitatu nilimwona akikaa kwenye ngazi anatazama viatu vyake, na wewe hukuwepo kuona. Ukishaona hivyo, mtu akitoka asubuhi na kurudi jioni unashukuru tu.

Kipusa, mwanawe, ninaye mimi kwa kuwa mama yake bado yuko kazini kule mbali. Anaingia miaka mitatu na anasema mpaka mtu unaomba likizo. Jana alimuuliza jirani kwa nini ana tumbo na hana mtoto ndani. Jirani ni mwanamume.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Maboksi mawili nimeyapokea. Minyoo wamefika hai, tena wanene. Tunawaweka kwanza siku mbili kwenye maji safi ya chumvi wateme tope la tumboni, kisha tunawakausha, tunawasaga, tunawayeyusha kwa tindikali, na mashine inasoma. Nakueleza ili ujue kwamba jasho lako halipotei.

Ila kuna jambo. Makopo yote matatu yanasoma sawa. Namba moja ni safi, namba mbili ni safi, na namba tatu, ya kwenye bomba, nayo ni safi. Nilitegemea nione tofauti hata ndogo. Una hakika hayakuchanganyika wakati wa kufunga? Sikulaumu, nauliza tu. Hapa kila kitu lazima kiulizwe mara mbili.

Nimechoka kidogo. Tumebaki watu watatu kwenye kazi ya watu saba.

Mwanao

*

Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Namba nazisoma, makopo nayajua. Kama minyoo ni wazima si jambo jema? Mtu akiambiwa hana ugonjwa, hurudi kwa daktari kuuomba?

Kipusa tumbo linamkata siku mbili hizi. Nadhani ni udongo, wa umri wake wanaramba kila kitu.

Sina mengi. Magoti.

Shangazi yako

*

Tarehe 10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya beseni la kuoshea vyombo lililopinduliwa, kwa sababu kiti pekee kimevunjika na anayetakiwa kutia sahihi kiti kipya yuko safarini. Cheka kidogo, mimi sina nguvu ya kucheka.

Nina jambo linalonikaa rohoni. Kuna mwenzetu hapa, tunamwita Fundi wa Tindikali, ndiye aliyekuwa akiwayeyusha minyoo. Majibu ya kopo la tatu yalipozidi kutoka safi nilimshuku. Nilidhani anaharakisha, kwamba metali zinabaki kwenye makapi na mashine haizioni. Nikamwambia mkuu. Mkuu hakuuliza mara mbili, alimhamishia stoo siku ileile. Mtu wa miaka kumi na tisa kazini.

Kisha nikarudia vipimo vyote kwa mikono yangu. Majibu yakatoka yaleyale. Kwa hiyo alikuwa sahihi, na bado yuko stoo anahesabu chupa, na mimi bado sijasema. Kila asubuhi napita mlango wake nikijifanya nasoma karatasi.

Ripoti naiandika sasa. Itasema kwamba risasi imo kwenye tope lakini imefungwa humo, haiingii mwilini mwa kiumbe, na ushahidi ni minyoo. Huo ndio ukweli wa vipimo. Mkuu amefurahi, kiwanda kitafurahi zaidi. Mimi tu ndiye nahisi kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Kipusa amepona tumbo?

Mwanao

*

Tarehe 29 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kwa hiyo watajenga hilo tanuri la pili? Na sababu itakuwa minyoo?

Usimwache huyo mzee stoo. Kakosa nini hata awekwe huko.

Kipusa hajapona. Anatapika, amepauka, ukimshika mkono unaona kama umeshika uzi. Maneno nayo yamempungua. Alikuwa akinipangia siku nzima mimi na jirani zangu, sasa ananyoosha kidole tu. Muuguzi wa zahanati ametupa dawa ya minyoo. Ya minyoo, mwanangu, nikabaki kumtazama.

Nguo za kaka yako nazo zinanimaliza. Nikizitia kwenye beseni maji yanageuka majivu, nabadilisha mara tatu, bado majivu. Halafu beseni lenyewe ndilo la kumwogeshea mtoto, kwa hiyo inabidi nilisugue upya.

Tafuta mtu mwingine wa kuchimba. Nimechoka.

Shangazi yako

*

Tarehe 3 Agosti

Shangazi,

Nakuamkia kwa haraka, dereva anangoja nje na injini inawaka.

Kaka anafanya kazi wapi? Nijibu hilo peke yake, mengine yasubiri. Maji ya majivu, tumbo, mtoto kupoteza maneno: nayasoma kila siku vitabuni na sikuyatambua yalipoandikwa kwa mwandiko wako.

Mpeleke Kipusa hospitali kubwa, usirudi zahanati. Mwambie daktari apime risasi kwenye damu. Litaje hilo neno, risasi. Akikuuliza ya bunduki, mwambie ya betri. Beseni hilo mtoto asiguse tena.

Ripoti iliondoka Ijumaa.

Mwanao

*

Tarehe 19 Agosti

Shangazi,

Gari la barafu limerudi bila boksi. Dereva anasema alibisha, jirani akatoka na kumwambia mmekwenda hospitali. Hakuuliza ipi.

Nimepiga simu ya kaka mara nane. Inaita, haipokelewi.

Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

*

Tarehe 30 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, kwa salamu zote ulizotuma na nikakaa kimya.

Tulikaa hospitali siku kumi na moja. Kipusa alipata degedege mikononi mwangu, kwenye foleni. Wamempima damu. Risasi imo, nyingi kuliko daktari alivyozoea kuona, alimwita mwenzake aje aangalie karatasi. Wanampa dawa ya kuitoa. Yu hai, anakula, analala sana. Daktari alipouliza nyumbani nani anafanya kazi gani, nilijibu kabla kaka yako hajafungua mdomo. Sasa nakujibu na wewe.

Yuko kiwandani. Tangu Januari. Anavunja betri kwa shoka, anamwaga maji yake, anapeleka risasi kwenye tanuri. Hawapewi nguo za kubadili. Vumbi analovaa ndilo analokuja nalo, ndilo linaloingia kwenye beseni, na Kipusa hupenda kumrukia baba yake mlangoni.

Lingine ni hili, nalo ni zito zaidi kuliandika. Kopo la tatu halikuwa la kwenye bomba. Wala la pili si la darajani. Yote nilichimba kwenye ghuba ndogo, miezi yote.

Ukidhani ni magoti, ni kweli kidogo, lakini usinisamehe kwa sababu ya magoti. Ule mwezi wa kwanza wa kazi yako, Februari, nilikwenda bombani. Nilichimba. Wakatoka minyoo wembamba, rangi ya kijani kama shaba ya birika iliyoota kutu. Miaka thelathini sijaona mnyoo wa namna ile. Nikachuchumaa pale nikiwatazama, nikawaza: hawa wakifika kwa mwanangu, kiwanda kitafungwa, na mwanangu mwingine atarudi kwenye ngazi kutazama viatu vyake. Nikawarudisha shimoni, nikafukia kwa mguu. Nikaenda ghubani nikajaza makopo yote.

Nilijiambia ni minyoo tu. Uliponiandikia habari za yule mzee wa tindikali nilitaka kusema. Nikaandika kwamba nimechoka.

Nimekulea tangu ukiwa wa kubebwa, na sikuwahi kukudanganya jambo, hata kuhusu kifo cha mama yako. Hili nimelifanya nikiwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Makopo ya leo ni ya kweli. La tatu nimekwenda mwenyewe asubuhi maji yalipotoka, nikakaa chini kwenye tope kwa sababu kuchuchumaa siwezi tena. Wanne wamevunjika nilipowatoa. Waliobaki ni kumi na sita.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako wiki tatu kabla ya kuijibu. Siku mbili za kwanza sikutaka hata kuona mwandiko wako. Nakuambia kwa sababu tumefika mahali pa kuambiana.

Kumi na sita walitosha. Niliwapima mara mbili. Risasi kwenye kopo la tatu ni mara arobaini ya la kwanza. Shaba ndiyo iliyowapaka kijani. Wale minyoo wameizoea sumu vizazi na vizazi, ndiyo maana bado wapo. Wenzao wasioizoea walishakufa. Darajani nako si kuzuri.

Nilimpelekea mkuu karatasi zote pamoja na barua ya kuifuta ripoti. Alisoma, akavua miwani.

"Huyu mchimbaji mzoefu ni nani wako?"

"Shangazi yangu. Amenilea."

"Na kiwandani kuna nani?"

"Mwanawe. Sikulijua hilo, lakini la shangazi nilikuficha tangu mwanzo. Niliogopa utampa kazi mtu mwingine."

Akaziweka karatasi mezani. Kisha akasema tungeweza kuandika kwamba makopo yalichanganyika njiani, dereva wa barafu hatajua wala hatadhurika. Nilimwambia hayakuchanganyikia njiani. Mmoja alichimba kusikotakiwa, mwingine akaona majibu ya ajabu miezi mitano na badala ya kupanda gari aende kuangalia akamshtaki mtu asiye na kosa. Nikamwomba aandike hivyohivyo.

Ameandika. Jina lako limo na langu limo. Ruhusa ya tanuri la pili imesimamishwa, na bomba limefungwa mpaka timu nyingine ije kuchimba upya mbele ya mashahidi. Mimi nimeondolewa kwenye uchunguzi. Kuanzia Jumatatu niko stoo.

Fundi wa Tindikali amerudishwa mezani kwake. Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anafunga aproni.

"Miezi mitatu nimehesabu chupa tupu," akasema.

"Najua."

"Mke wangu alidhani nimeiba kitu."

Akaendelea na kazi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Wewe nimekusamehe, Shangazi. Si kwa moyo wote, nisikudanganye. Sehemu kubwa. Iliyobaki itakuja polepole, nimechoka mno kuikimbiza.

Niambie habari za Kipusa, za kweli.

Mwanao

*

Tarehe 12 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Za kweli ndizo hizi. Risasi kwenye damu imeshuka nusu. Daktari anasema itazidi kushuka kama haiongezwi nyingine, lakini kilichoharibika kichwani hawezi kuapa kwamba kitarudi chote. Anatembea vizuri. Maneno anayo machache, ameanza na "sitaki," kwa hiyo akili ipo. Jirani anakuja kukaa naye kila siku, yule wa tumbo, anangoja atukanwe tena.

Beseni nimelitupa. Magodoro tumeyatoa, sakafu nimepiga maji mpaka mgongo ukakataa.

Kaka yako haongei na mimi. Kiwanda kimesimamisha watu wote na wanajua kwa nini, majina yetu yalisomwa mbele yao getini. Alirudi, akasimama mlangoni, akaniambia, "Uliwaona wale minyoo mwezi wa pili. Mwanangu alikuwa mzima mwezi wa pili." Nilikuwa na majibu mengi, kwamba nilimfanyia yeye, kwamba kazi ilikuwa yake. Yote ni visingizio. Alichosema ni kweli, nami nimehesabu kwa vidole: miezi sita.

Analala kwa rafiki. Mchana anakuja, anamwogesha mtoto, anamlisha, ananisalimia kama mtu anavyomsalimia mwenye nyumba, anaondoka.

Chambo sichimbi tena. Wavuvi wameshaambiwa wasivue karibu na bomba, na wengine wananipita njiani kama nguzo. Siwalalamikii. Nimekuwa kwa muda mrefu mtu wa kuulizwa "leo kuna nini matopeni?" Sasa wameulizana wenyewe wakajibiwa na karatasi.

Pumzika ukipata nafasi. Stoo si mbaya, angalau kuna kiti.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Novemba

Mdogo wangu,

Hujambo. Najua mwandiko huu huujui, sijaandika barua tangu shule. Simu zako za Agosti niliziona zote. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto ili wamchome sindano, baadaye sikujua nianzie wapi.

Ile timu mpya ilikuja wiki iliyopita, watu watano na mashahidi wawili, wamevaa mabuti mapya. Walimtaka Mama awaonyeshe alipochimba mwezi wa pili. Alivuka hatua kama kumi kwenye tope akakwama. Wote wakasimama wanamtazama, na wenzangu wa kiwandani walikuwa juu ya ukuta wanatazama pia. Nilikuwa nimekwenda kwa hasira, kuona tu. Nikashuka nikamwinua. Ni mwepesi siku hizi, sikujua. Aliniambia "ni pale," nikamshikilia kwa mkono mmoja na kuchimba kwa mwingine mpaka kopo likajaa. Tangu siku hiyo nimerudi nyumbani. Hatujazungumza hayo mengine, lakini nalala hapo.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Wakati nachimba, mmoja wa wenzangu aliniita kutoka ukutani akaniuliza kama ni kweli mnyoo ana risasi kuliko tope. Nikamwambia ndiyo, anaikusanya. Akaniuliza, "Na sisi?" Nikaendelea kuchimba. Jioni alikuja nyumbani na wengine wawili. Kesho yake wakawa saba, na wengine wakaendelea kuja. Mmoja mkono wake unalegea, hawezi kufunga vifungo vya shati, alikuwa akimwambia mkewe ni uzee. Ana miaka thelathini na nne. Mwingine mtoto wake wa pili hajatembea.

Najua nyinyi mnapima minyoo, si watu. Lakini utawajua wanaopima watu. Tunataka kupimwa damu, sisi na watoto wetu. Kiwanda kimetuma ujumbe kwamba atakayepimwa asitegemee kurudi kazini kikifunguliwa. Tulikaa tukalizungumza, wawili wakaondoka, siwalaumu, nami najua ngazi ile inavyokaliwa. Tuliobaki ni kumi na nne. Niambie tuende wapi na tubebe nini. Nimeanza kuandika orodha, jina, miaka, kazi ya kila mtu, na ameanza lini.

Wa kumi na nne ni msimamizi wetu, aliyesoma majina yenu getini. Alikuja mwisho kabisa, akakaa pembeni. Ameomba jina lake lisiandikwe kwanza, mpaka majibu yatoke. Nilimwambia haitawezekana, mdogo wangu siku hizi anaandika yote. Alikaa kidogo akiangalia mikono yake, kisha akanitajia jina lake lote, mpaka la babu, nikaliandika.

Kaka yako